Buni na Kubuni

Hotuba iliyosomwa katika maadhimisho ya hekalu letu



Kamati ya vijana ilituandikia barua ikitutaka tuseme maneno machache juu ya ubunifu kazini: jinsi mtu anavyoweza kuulea uwezo wake wa kuona kwa jicho la akili jambo ambalo bado halijawapo, na jinsi uwezo huo unavyoifaa kazi yake na afya yake. Tulipoisoma barua hiyo tulisita. Sisi ni watu wa duka na ghala kutoka Rugera, katika nchi ya Karagwe na Kyerwa. Masomo yetu yaliishia kidato cha nne, na tangu hapo mwalimu wetu amekuwa mizani. Tukawajibu vijana kwamba hapa hekaluni wapo madaktari, wahandisi na mawakili wanaoweza kulieleza jambo hili kwa ufasaha zaidi. Wakatujibu kwa adabu kwamba hao wote wamekwisha kuombwa, na wote wana shughuli. Basi tumekuja.

Kwa kuwa tumetoka kwenye kahawa, tuanze na kahawa. Kiswahili kina neno buni lenye maana mbili. Buni ni punje za kahawa kabla hazijakaangwa. Na kubuni ni kutunga au kuanzisha jambo ambalo halikuwapo. Wajuzi wa lugha watatuonya kwamba maneno haya hayana undugu, yamekutana kwa bahati tu, kama abiria wawili katika kiti kimoja cha basi la Bukoba. Tunakubali. Lakini sisi tulioishi kwa buni tumejifunza, tena kwa gharama kubwa, kwamba ile ya kwanza haifiki sokoni salama bila hiyo ya pili.

Babu yetu mzaa baba, ambaye kwa Kigujarati tulimwita Dada (na shuleni wenzetu walicheka hadi machozi kusikia mzee mwenye masharubu akiitwa dada), alitoka katika kijiji kimoja cha Kathiawad, akavuka bahari, akavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, kisha akapanda milima ya Karagwe akiwa na bidhaa zisizojaza chumba kimoja. Hakujua Kinyambo wala Kihaya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabia tu. Wala hakuwa na fedha za kununua vitu ambavyo vingekaa rafuni mwaka mzima bila kuulizwa. Akajitungia zoezi. Kila usiku, baada ya kufunga mlango, alikaa juu ya gunia la chumvi, akafumba macho, akaingia kwa fikira katika nyumba ya mteja mmoja aliyemwona siku ile. Aliamka pamoja naye alfajiri. Mama anatafuta moto. Je, kibiriti kipo? Mtoto ameipasua nguo yake ya pekee. Je, sindano ipo, na uzi wa rangi gani? Mzee anakwenda shambani; jembe lake limelika kufikia wapi? Usiku unaingia; utambi wa taa umebaki urefu gani? Alipofumbua macho aliandika orodha, na orodha hiyo ndiyo aliyoipeleka Bukoba kununulia bidhaa.

Alikosea mara nyingi. Mwaka mmoja alileta miavuli mingi katika nchi ambayo jani la mgomba huchumwa bure, na miavuli hiyo tuliichezea sisi wajukuu. Lakini alipokosea alikwenda kuuliza, akarudi usiku kwenye gunia lake la chumvi, akaingia tena. Baba yetu alifundishwa zoezi hilo, naye akatufundisha sisi kabla hatujafundishwa jedwali la kuzidisha. Tunalitaja kwanza ili ieleweke kwamba ubunifu tunaouzungumzia leo si kipaji cha watu wachache waliozaliwa nacho. Ni kazi ya mikono ya akili, na kama kazi nyingine ya mikono, hukomaa kwa kufanywa kila siku na huota kutu ikiachwa.

Wala tusidhani kwamba Dada aliileta kazi hiyo na meli. Aliikuta. Nchi ya Kagera iliyeyusha chuma kwa karne nyingi kabla ya duka la kwanza. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma, kazi ambayo mikono yao ilikuwa imeiacha kwa miaka mingi. Wakajenga kuta kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya bwawani ndani ya shimo, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, na watu wa mivukuto wakaanza kupuliza. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ile ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kuufikia moto, na ndiyo sababu wahunzi wa nchi hii waliweza kupata chuma cha pua tangu zamani sana. Wataalamu wengine wamebishana nao, na sisi hatuna elimu ya kuwaamulia. Kinachotugusa ni kitu kingine: tanuri limefungwa. Fundi hawezi kuchungulia. Anautazama moto unaotokea juu, anausikiliza mlio wa mivukuto, na sehemu yote iliyobaki hana budi kuiona akilini mwake. Asipoiona, siku nzima ya makaa na jasho la watu inakwenda bure.

Na kule Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe ambako Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861, palihifadhiwa ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu. Mapokeo huwahusisha na Mukama Ndagara, baba yake Rumanyika, mtawala aliyesifika kwa uhunzi. Ng'ombe wa chuma hakamuliwi wala hachinjwi. Hata hivyo mtu mwenye madaraka makubwa na kazi nyingi alihesabika kuwa bora zaidi kwa sababu aliweza kukaa mbele ya moto akaziona pembe ndani ya kipande cha chuma. Tungependa kuwauliza mameneja wa siku hizi lini mara ya mwisho walihesabiwa ubora kwa jambo kama hilo.

Sisi Wahindu tunao ukumbusho wa jambo hili, ingawa tumeuzoea hata hatuuoni. Kila Diwali tunavileta mbele ya madhabahu vitabu vyetu vipya vya hesabu, chopda zenye jalada jekundu, na juu ya ukurasa wa kwanza tunaandika Shubh na Labh, yaani heri na faida, na heri hutangulia. Kila mtoto hapa anajua kwamba siku hiyo tunamwomba Lakshmi, mama wa neema. Lakini ibada hiyo huitwa pia Sharda Pujan, na Sharda ni Saraswati mwenye kinanda, mama wa elimu, usemi na sanaa. Wazee wetu waliona kwamba kitabu cha hesabu kinamhitaji yeye pia. Sisi, kwa miaka mingi, tulimpigia Saraswati magoti siku moja, kisha siku zilizobaki tukamfungia nje ya ghala. Hilo ndilo tulilokuja kuungama.

Kabla ya kuungama, tuseme jambo moja juu ya hatari ya kipaji hiki. Watu wa Kagera wanalijua neno butura. Ni ununuzi wa kahawa ingali juu ya mti, pengine ikiwa bado maua, kwa bei ya kumwonea mkulima. Mnunuzi wa butura ni mtu mwenye ubunifu mwingi. Naye anafumba macho akaingia katika nyumba ya mkulima. Anaona debe la maharage limekwisha, anaona karo ya shule, anaona mgonjwa, na anajua siku gani ya mwezi gani mwenye nyumba atakubali bei yoyote. Ni zoezi lile lile la Dada. Tofauti ni kwamba Dada alitoka ndani ya nyumba ile na orodha ya vinavyohitajika, na huyu anatoka na kamba. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, na kwa haki. Tunaitaja ili kijana anayefundishwa semina za ubunifu ajue kwamba jicho la akili halina dini. Mwenye jicho ndiye anayeulizwa.

Katika jamii yetu tunapenda kumsimulia Nanji Kalidas Mehta, aliyetoka nchi ya Porbandar akiwa kijana mdogo, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari pale Lugazi, Uganda. Kitabu cha maisha yake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 kina jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulisema Ndoto Iliyosemwa Nusu. Jina zuri. Tumelifikiria mara nyingi, na kwa maoni yetu katika kila kampuni nusu isiyosemwa ni ndoto za wale waliobeba mizigo. Tajiri akiota, ndoto yake hujengewa kiwanda. Kuli akiota, huambiwa amesinzia.

Na makarani je? Shaaban Robert, ambaye kila mmoja wetu alimsoma shuleni, aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na katika forodha alibaki hadi 1944. Kisha akahamia idara nyingine za serikali. Tumewaza sana miaka hiyo kumi na minane. Mtu anahesabu marobota ya watu wengine, anaandika idadi, uzito na ushuru, na ndani ya kichwa kile kile inakua nchi inayoelea angani, yenye mfalme, mawaziri, wajumbe na mashitaka, ambayo mwaka 1951 ilitokea mbele ya wasomaji kwa jina la Kusadikika. Labda mwenye kuhesabu marobota kwa uaminifu hujenga nchi yake kwa uimara zaidi, hatujui. Tunachojua ni kwamba katika kila ghala la Tanzania anaweza kuwamo karani wa namna hiyo, na mwenye ghala asijue.

Katika ghala letu alikuwamo.

Katikati ya miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, nasi tuliingia katika biashara hiyo kwa pupa. Uwanja mbele ya ghala ukajaa kahawa ya maganda iliyoanikwa chini. Tulikuwa na karani wa ghala, kijana wa Kinyambo aliyemaliza darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa kwetu. Jina lake hatulitaji kwa sababu yu hai na hatujamwomba ruhusa. Siku moja ya Agosti 1997 tulifungua kaunta buku ya ghala kutoka upande wa nyuma, tukakuta kurasa za michoro. Palikuwa na vitu kama vitanda virefu, mistari, miti iliyosimamishwa, na mtu mdogo asiye na uso anayevuta kamba. Tulimwita mbele ya wateja. Tulimwuliza kama karatasi inanunuliwa na baba yake. Akaanza kusema, 'Bosi, hii ni kwa ajili ya mvua,' nasi tukamkatiza, tukauchana ukurasa, tukauchana tena vipande viwili, tukautupa. Tunasema 'sisi' kwa desturi ya nyumba ya biashara, ambayo sahihi yake ni moja hata wenyewe wakiwa wanne. Lakini mkono uliouchana ukurasa ule ndio huu unaozishika karatasi hizi.

Hakujibu. Tangu siku ile alifanya kila alichoambiwa, wala hakufanya chochote ambacho hakuambiwa. Gunia lililotoboka alilipokea kama gunia, kwa kuwa aliambiwa apokee magunia. Alizoea kutuamkia asubuhi kwa habari ya njiani, akaacha. Akaanza kuumwa kichwa. Akaenda zahanati mara mbili, hawakuona ugonjwa, nasi tukasema miongoni mwetu kwamba ni mvivu. Mwisho wa Septemba aliomba hesabu yake, akaondoka.

Oktoba ikaja mvua ambayo Watanzania wa umri wetu hawataisahau, ile ya El Niño. Siku ya tatu kahawa iliyokuwa uwanjani ilikuwa inaelea. Tuliyoiokoa tuliirundika ndani ikiwa mbichi, ikapata moto, ikaota ukungu. Tulipokuwa tunaisukuma nje kwa majembe, kuli mmoja mzee alituambia, bila hasira yoyote, kwamba yule kijana alikuwa amekwisha kumwonyesha mchoro wake: vichanja vya matete juu ya nguzo za mkaratusi, turubai limezungushwa kwenye mti mrefu upande mmoja, na watu wawili wakivuta kamba uwanja mzima unafunikwa kabla mvua haijashuka kilima. Yule mtu mdogo asiye na uso alikuwa kuli. Kijana alikuwa amefumba macho akaingia katika siku ya mvua ambayo haijafika, nasi tuliofundishwa zoezi hilo na babu tulimwona anacheza.

Tulikuwa tumelelewa kuingia katika nyumba ya kila mteja. Katika nyumba ya mfanyakazi wetu hatukuwahi kuingia hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka siku za kazi bilioni 12 hupotea duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Ni hesabu kubwa mno kwa watu wa mizani kama sisi. Sisi tunaielewa kwa siku za mtu mmoja, kuanzia Agosti hadi mwisho wa Septemba, aliyekuwapo kazini kila asubuhi na hakuwapo. Hatudai kwamba mchoro ungemponya kila maradhi. Lakini mtu akiambiwa kwamba mikono yake inatakiwa na kichwa chake akiache getini, kichwa hicho hakikubali kukaa getini kwa amani, kinauma.

Tulianza kubadilika, na aliyetubadilisha alikuwa mama mmoja mchambuaji wa maharage. Wanawake hao walikaa sakafuni kutwa, miguu imenyooshwa, ungo mapajani. Tulikuwa tumewakataza kuimba, kwa kuwa mtu fulani alitushauri kwamba wimbo hupunguza mwendo. Siku moja tulilalamika kwamba mawe yamezidi katika maharage yaliyochambuliwa. Mama yule, mkubwa kwa umri kuliko sisi, akasogeza ungo, akasema, 'Mwanangu, keti hapa uchambue debe moja.' Hatukuweza kumkatalia mtu wa umri wa mama yetu mbele ya watu. Tukaketi. Kabla ya nusu debe mgongo ulikuwa umekaza, macho yanatoka machozi kwa vumbi, na mawe na maharage yalikuwa yamefanana. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kufumba macho peke yake hakutoshi. Nyumba nyingine haziingiliki kwa fikira mpaka kwanza umeketi sakafuni mwake.

Tukawauliza wale wanawake wangetaka nini kama ghala lingekuwa lao. Kwanza walicheka. Kisha wakanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mzito, kwa maana hawakuwa wamewahi kuulizwa. Halafu yakatoka yote kwa pamoja. Walitaka meza ndefu yenye wavu badala ya ubao, vumbi lidondoke chini badala ya kupanda puani. Walitaka mabenchi, na meza isimame karibu na mlango wa mashariki asubuhi na ihamishwe mchana kwa ajili ya mwanga. Na walitaka kuimba. Seremala alimaliza kazi kwa siku nne. Mawe yalipungua, na kikohozi kilipungua, na wimbo haukupunguza mwendo, mikono iliufuata. Nani alitushauri kuukataza, hatumkumbuki.

Tangu wakati huo, kila Jumamosi saa nane mchana, tunakaa nusu saa chini ya mparachichi nyuma ya ghala, wote, pamoja na kuli na mlinzi. Nusu saa hiyo imo ndani ya saa za kazi zinazolipwa, kwa sababu wazo linaloombwa wakati mtu amekwisha kubadili nguo ni wazo la kuibiwa. Mtu mmoja hutoa swali. Akija mteja asiyejua kusoma, atatofautishaje dawa ya mbegu na dawa ya kupe? Lori likikwama Ijumaa na mzigo wa nyanya, tutafanyaje? Mlinzi aliwahi kuuliza, 'Mwizi mwenye akili angeingia wapi?' na majibu yalikuwa mengi hata tukashtuka kidogo. Kila wazo huandikwa katika kaunta buku pamoja na jina la aliyelitoa, na likileta faida, mwenyewe hupata fungu lake. Usiku wa Diwali kaunta buku hiyo huwekwa mbele ya Saraswati, kando ya chopda nyekundu. Wafanyakazi wetu Wakristo na Waislamu hutuuliza kila mwaka kama kitabu chao kimewekwa.

Si kila wazo lilizaa. Kijana mmoja alitushawishi tukaushe ndizi kwa jua tuziuze mijini. Tukajenga makasha, tukakata ndizi nyingi, unyevu ukatushinda, zikaota nywele kama paka. Hasara ile iliuma. Ilitubidi tuuzuie ulimi, kwa maana tulijua kwamba neno moja kali siku hiyo lingeufunga mparachichi mzima kwa mwaka. Tuliandika hasara yote mahali pake, na jina la kijana tukaliacha lilipokuwa. Yeye ndiye aliyegundua baadaye jinsi ya kupanga magunia ili hewa ipite chini.

Tusidanganyane, hata hivyo. Siku hizi tunasikia wakubwa wakileta watu wa semina wawafundishe wafanyakazi kuvuta pumzi na kuwaza bahari, na mshahara wa mwezi uliopita haujatoka. Mtu asiyelipwa kwa wakati haponi kwa kufumba macho. Akifumba anaona deni. Lipa kwanza. Mpe benchi. Kisha uliza anaona nini.

Nanyi vijana mlioajiriwa na wengine, ambao hamna mparachichi wenu, zoezi la Dada halihitaji ruhusa ya bosi. Linahitaji gunia la chumvi, giza kidogo, na simu iachwe chumba kingine. Dada hakuwa na la kumshughulisha usiku ule isipokuwa panya na hofu ya kufilisika. Ninyi mnazo njia elfu za kuutoroka utupu huo, na utupu huo ndimo orodha yake ilimotoka.

Tumalize na habari ya yule karani. Miaka mingi baadaye tulimwona gulioni Omurushaka. Amekuwa fundi wa majengo, mwenye vijana wake wa kazi. Tulimwendea, tukamwomba radhi mbele ya vijana wale, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya watu. Akatazama chini kwa muda. Kisha akasema kwamba amesikia tulijenga vichanja. Tukakiri kwamba ndiyo, kwa maelezo ya yule kuli mzee.

'Turubai mmelifunga upande gani, Mzee?'

Tukamwambia tumelifunga upande wa ghala, na kwamba limekwisha kung'olewa na upepo mara tatu. Siku hizi maturubai ni hafifu.

'Si turubai,' akasema. 'Upepo wa mvua pale kwenu unapanda kutoka bondeni, unapiga ukuta wa ghala, unarudi. Nililichora upande wa bonde.' Akaokota kijiti, akachora ardhini ghala letu, uwanja wetu, nguzo zote kwa idadi yake, na mtu mdogo anayevuta kamba. Tukachuchumaa kutazama.